Maswali ya Wasomaji: Mlinzi wa Kinu cha Nyuklia Anaajiriwa na Nani?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinahusu mpango wa Kenya wa kujenga kinu cha kuzalisha umeme wa nyuklia. Tumechagua tano. Nyingine zilizouliza kama kinu ni bomu hazimo. Jibu ni hapana, na tuendelee.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi. Katika mabaraza tuliyoitwa tuliambiwa tusiwe na hofu, kwa kuwa ipo mamlaka ya serikali itakayokagua kinu. Lakini anayetaka kujenga ni serikali na anayekagua ni serikali hiyo hiyo. Nikiuza samaki wangu na mizani nikaishika mwenyewe, nani ataiamini ratili yangu?
*Mvuvi, Uyombo*

Ndugu mvuvi, hilo la ratili ndilo lililoyasumbua mabunge ya nchi kubwa kwa miaka mingi, na baadhi yao waliligundua baada ya maafa. Tuanze na lililopo nyumbani. Kenya ina taasisi mbili. NuPEA, iliyo chini ya Wizara ya Kawi, kazi yake ni kuupanga mpango wa nyuklia na kuuendeleza. Ilianza kama kamati mwaka 2010, ikawa bodi mwaka 2012, na jina ililo nalo sasa ilipewa na Sheria ya Kawi ya 2019. Ya pili ni KNRA, mamlaka ya kudhibiti mambo ya nyuklia, ambayo ilianzishwa kwa sheria yake yenyewe ya mwaka huo huo wa 2019 na kurithi kazi za Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi. Hii haiko kwa watu wa kawi. Iko chini ya wizara ya usalama wa ndani. Kwa hiyo, kwenye karatasi, mwenye samaki na mwenye mizani hawalali nyumba moja, ingawa ua wao ni mmoja.

Utengano huo haukuja kwa bahati. Marekani ilianza na tume moja ya atomiki, iliyoundwa mwaka 1946, ambayo ilikuwa ikiwashawishi wafanyabiashara wajenge vinu na wakati huo huo ikiwakagua. Lawama zilipozidi, Bunge likaivunja kwa sheria ya mwaka 1974, na Januari 1975 Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, NRC, ikafungua milango ikiwa haina tena kazi ya kupigia debe. Japani ilichelewa zaidi. Huko wakaguzi wa vinu walikuwa ndani ya wizara ya uchumi, biashara na viwanda, yaani wizara ile ile iliyokuwa ikiutangaza umeme wa nyuklia kwa wananchi. Mwaka 2008 hesabu zilizofanywa ndani ya kampuni ya umeme ya TEPCO zilionyesha kwamba tsunami ingeweza kupanda hadi mita 15.7 katika kituo chake cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Ukuta haukuinuliwa, na hakuna mkaguzi aliyelazimisha uinuliwe. Tarehe 11 Machi 2011 bahari ikaingia, jenereta za dharura zilizokuwa zimewekwa chini kabisa ya majengo zikazama, na vinu vitatu vikayeyuka ndani kwa kukosa maji ya kuvipoza. Kamati huru ya Bunge la Japani iliandika mwaka uliofuata kwamba yale yalikuwa maafa ya kutengenezwa na binadamu, ikitaja ushirika wa karibu mno kati ya serikali, mdhibiti na kampuni. Septemba 2012 mdhibiti mpya akaundwa nje ya wizara ile.

Hata hivyo, kutenganisha wizara ni nusu ya kazi, na kwa hili tusiende mbali na bara letu. Afrika Kusini ina kituo cha Koeberg karibu na Cape Town, ambacho kimekuwa kikitoa umeme tangu miaka ya themanini, na ina mdhibiti aliyeundwa kwa sheria. Sheria hiyo inataka bodi ya mdhibiti iwe na mjumbe wa kuwawakilisha wananchi wanaoishi karibu na vituo vya nyuklia. Mjumbe huyo alikuwa Peter Becker, mtu aliyejulikana kwa kuupinga umeme wa nyuklia. Mwaka 2022, wakati suala la kuiongezea Koeberg miaka 20 ya kazi likiwa njiani kufika mezani pa mdhibiti, waziri wa nishati Gwede Mantashe, ambaye hakuwahi kuficha kwamba yeye ni mtetezi wa nyuklia, alimwondoa kwa hoja kwamba alikuwa na mgongano wa maslahi. Mwaka uliofuata mahakama kuu ikaamua kwamba kumwondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Huo ndio mtihani wenyewe: mizani ilikuwa mikononi mwa mwingine, lakini mwenye samaki ndiye aliyeweza kumfukuza.

Kwa hiyo mkiitwa tena barazani, msiulize tu kama mdhibiti yupo. Ulizeni ni nani anayemteua mkurugenzi wake, ni nani anayeweza kumwondoa na kwa sababu gani, bajeti yake inatoka wapi, na kama ripoti za ukaguzi zitabandikwa mahali ambapo mtu wa Matsangoni anaweza kuzisoma kwa lugha anayoijua. Mkiambiwa kwamba Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki la Vienna limeshakuja, kumbukeni kuwa wageni hao hushauri. Leseni hawatoi na kinu hawakifungi. Wakaguzi wa KNRA si wageni katika kazi ya mionzi. Siku ukienda kupigwa eksirei, tazama kifuani pa mhudumu: kidude kidogo cha plastiki kilichobanwa kwenye koti jeupe ndicho kinachohifadhi hesabu ya mionzi aliyoipata, na kila baada ya muda hupelekwa kusomwa. Kusimamia vidude hivyo na mashine zake ni sehemu ya kazi yao ya kila siku. Kutoka hapo hadi kusimamia kinu cha megawati 1,000 ni safari ndefu, na sioni ubaya wowote wa wananchi kuuliza wamefika wapi.

SWALI: Nafundisha fizikia katika shule moja ya Bondo. Sasa tunasikia kwamba baada ya upinzani wa Kilifi, macho yamegeukia Siaya, kandokando ya Ziwa Victoria. Wanafunzi wameniuliza swali nikakosa jibu fupi: ikiwa tuna mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana na umeme wa kununua Ethiopia, nyuklia ni ya nini?
*Mwalimu, Bondo*

Mwalimu, jibu fupi halipo, ila namba zinasaidia. Mwaka 2025 mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya, yale ya saa moja au saa mbili usiku watu wanapopika na kuwasha taa na televisheni, yalivuka megawati 2,300. Jotoardhi, yaani mvuke wa chini ya ardhi kama ule wa Olkaria, peke yake ina mitambo ya zaidi ya megawati 900 na hutoa takriban asilimia 45 ya umeme wote. Sasa waulize wanafunzi wako: ukiweka kinu kimoja cha megawati 1,000 kwenye gridi ya ukubwa huo, kisha kikazimika ghafla, itakuwaje? Kanuni ambayo wahandisi wameizoea ni kwamba mtambo mmoja usizidi karibu sehemu moja ya kumi ya gridi. Tarehe 25 Agosti 2023 kituo cha upepo cha Turkana kilipotoka kwenye gridi kikiwa kinatoa takriban megawati 270, karibu nchi nzima iliingia gizani hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na watu wa kituo na watu wa gridi wakabaki kutupiana lawama juu ya nani alianza. Hizo zilikuwa 270. Ndiyo maana watetezi wa nyuklia siku hizi wanazungumzia zaidi vinu vidogo, au wanasema kwamba kufikia wakati huo gridi itakuwa imekua.

Hoja yao ya kweli, na si haki kuipuuza, ni kwamba nyuklia haitegemei upepo wala mvua, haitoi moshi, na kinu kimoja hukaa miaka 60. Lakini mvuke wa Olkaria nao hautegemei upepo wala mvua, hutoka usiku na mchana, na umekuwa ukitoa umeme tangu mwaka 1981. Tatizo lake ni la mwanzo: kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola na huweza kuchimbwa kikatoka mvuke kidogo au kisitoke kabisa, na mwenye benki hapendi kukopesha shimo ambalo hajui litatoa nini. Serikali iliunda kampuni ya GDC mwaka 2008 ili hasara hiyo ya uchimbaji ibebwe na umma.

Hapa ndipo siasa inapoingia, na huingia kwa mlango wa mikataba. Mikataba mingi ya kununua umeme nchini Kenya humtaka mnunuzi amlipe mzalishaji hata asipouchukua umeme wake. Ukifika Olkaria saa tisa usiku, wakati nchi imelala, unaweza kuusikia mvuke ukiachiwa hewani kwa mngurumo mkubwa, kwa sababu mahitaji yameshuka na mvuke hauna pa kwenda. Sasa tia kinu cha nyuklia katika usiku huo. Kinu hakipendi kupandishwa na kushushwa; gharama yake kubwa ni ya kukijenga, si ya kukiendesha, kwa hiyo mwenye deni atataka kiende bila kusimama. Atakayeambiwa apunguze ni mwenye mvuke. Kwa hiyo wizara inapozungumza kana kwamba vyanzo vyote vitakaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja, kumbuka kwamba saa tisa usiku hawa ni washindani wanaogombea mteja mmoja aliyesinzia.

Wala usiwaambie wanafunzi kwamba vyanzo vingine ni vya malaika. Mitambo 365 ya upepo ya Turkana ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa ilichelewa hadi Septemba 2018, na walipa kodi wakabebeshwa fidia kwa umeme ambao haukufika kwa mtu yeyote. Mwaka 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo hazikupatikana kihalali. Huko Olkaria, familia za Wamaasai zilizohamishwa mwaka 2014 zilipeleka malalamiko yao hadi Benki ya Dunia. Tofauti ni ya ukubwa wa kosa: mtambo wa upepo ukikosewa, unaacha kesi na deni, kinu kikikosewa kinaacha vijiji vilivyofungwa. Maoni yangu ni mvuke kwanza, na nyuklia isubiri gridi ikue. Lakini haya ni maoni ya mwandishi, wewe una darasa la kulijibu.

SWALI: Jirani yangu huku Mombasa anasema wanaopinga nyuklia wanalipwa na wafanyabiashara wa makaa na mafuta. Binamu yangu anasema wanaounga mkono wanalipwa na kampuni za nyuklia. Ni yupi mwongo?
*Msomaji, Likoni*

Huenda hakuna. Au tuseme, kila mmoja ana mfano wake mfukoni, na kosa lao ni kuugeuza mfano mmoja kuwa watu wote.

Binamu yako atapenda habari za jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 2019 Bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuokoa vinu viwili vya nyuklia vilivyokuwa vikishindwa kushindana na gesi ya bei nafuu. Wateja wa umeme wangelipa zaidi ya dola bilioni moja kupitia bili zao. Mwaka uliofuata spika wa Bunge hilo, Larry Householder, alikamatwa. Ilidhihirika mahakamani kwamba takriban dola milioni 60 kutoka kwa kampuni ya umeme ya FirstEnergy na washirika wake zilikuwa zimepitia kwenye kikundi alichokidhibiti, na mwaka 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Kwa kinaya, sheria hiyo iliyopakwa rangi ya nishati safi ilikuwa pia na fedha za kuokoa vituo viwili vya zamani vya makaa ya mawe.

Jirani yako naye ana lake, ingawa si la nyuklia moja kwa moja. Kati ya 2007 na 2010 shirika la mazingira la Sierra Club, ambalo linaheshimika sana Marekani, lilipokea zaidi ya dola milioni 25 kutoka kwa watu wa kampuni ya gesi ya Chesapeake, kwa ajili ya kampeni dhidi ya makaa ya mawe. Gesi ilikuwa ikimsaidia mwanamazingira kumwondoa mpinzani wake sokoni. Habari ilipofichuka mwaka 2012, viongozi wapya wa shirika walikuwa wameshakata mkono huo.

Kwa upande wetu, mfano bora hauna mfadhili wa siri. Kituo cha makaa cha megawati 1,050 kilichopangwa kujengwa Lamu kilipata leseni ya mazingira, na waliokipinga walikuwa wavuvi, wakulima na watetezi wa mji wa kale. Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likaifuta leseni hiyo, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hakuna aliyehitaji kuuliza wavuvi wa Lamu wanalipwa na nani. Ilitosha kusoma ripoti iliyopewa leseni na kuona ni nini hakimo. Jirani na binamu wakianza tena, wape karatasi hiyo.

SWALI: Naishi Minneapolis, wazazi wangu wako Gede. Hapa Marekani Rais Trump ameamuru mdhibiti wa nyuklia aharakishe leseni, na wengi wanasema sheria nyingi ndizo zilizoua nyuklia. Je, si kweli? Na Kenya isijifunze hapo?
*Msomaji, Minnesota*

Ni kweli kwa sehemu, na sehemu hiyo isidharauliwe. Agizo la Mei 2025 unalolitaja linaitaka NRC iamue maombi ya leseni ya vinu vipya ndani ya miezi 18, na ivitazame upya vipimo vyake vya kinga ya mionzi. Kabla yake, mwaka 2024, utawala wa Biden nao ulitia sahihi sheria ya kuisukuma NRC iwe na kasi. Kwa hiyo kuharakisha si jambo la chama kimoja. Ila wiki chache baada ya agizo lile, Juni 2025, Rais alimwondoa mmoja wa makamishna watano, Christopher Hanson, na Hanson akasema ameondolewa bila sababu. Tume hiyo iliundwa kwa namna ambayo chama kimoja hakiwezi kuwa na zaidi ya makamishna watatu, ili mdhibiti asibadilike rangi kila uchaguzi unapopita. Mtu anaweza kuunga mkono leseni za haraka na bado akashtuka kwa hilo.

Kuhusu gharama, vinu vipya viwili vya Vogtle huko Georgia vilimalizika mwaka 2023 na 2024, vikiwa vimechelewa takriban miaka saba na kugharimu zaidi ya dola bilioni 30, zaidi ya mara mbili ya makadirio ya awali. Lawama kubwa pale haikuwa ya mdhibiti. Ilikuwa ya ramani zilizokuwa hazijakamilika kazi ilipoanza, vipande vilivyofika vikiwa na kasoro, na mjenzi Westinghouse aliyefilisika mwaka 2017 katikati ya kazi.

Lakini wewe uliye na wazazi Gede, habari ninayotaka uisome kwa makini ni ya Shoreham, kwenye kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Kampuni ya umeme ya huko ilikijenga kinu hicho hadi kikakamilika. Baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island, Pennsylvania, ya Machi 1979, NRC ilidai kila kituo kiwe na mpango wa kuwahamisha watu walio katika eneo la takriban kilomita 16. Long Island ni kisiwa chembamba kama panga, na njia za kutoka kwa gari zinaelekea upande mmoja, kwenye jiji la New York lenye msongamano wake. Mwaka 1983 madiwani wa Kaunti ya Suffolk wakatangaza kwamba watu wao hawawezi kuhamishwa kwa usalama, na wakakataa kushiriki katika mpango wowote. Gavana Mario Cuomo akawaunga mkono. Kampuni ikaandika mpango wake yenyewe, ikisema wafanyakazi wake ndio watakaoelekeza magari. Mabishano yakaenda hadi mwaka 1989, kinu kikauzwa kwa jimbo kwa dola moja ili kivunjwe, na mwaka huo huo NRC ikakipa leseni kamili ya kufanya kazi ambayo hakikuifanya. Karibu dola bilioni 6 zilikuwa zimetumika, na wateja wakailipa hasara hiyo kwa miaka mingi kwenye bili zao.

Wapo wanaosema Shoreham inaonyesha wanasiasa wa mtaani walivyoweza kukiua kinu kizima. Mimi naisoma vingine: swali la barabara lilipaswa kuulizwa kabla ya saruji kumwagwa. Fikiria barabara ya Mombasa kwenda Malindi, ile inayopita Matsangoni na Gede, lori moja linapoharibika wakati wa sikukuu ya Idi. Mpango wowote wa kinu katika pwani ile ungeitegemea barabara hiyo, pamoja na daraja la Kilifi upande mmoja na daraja la Sabaki upande wa pili. Miaka ya kuchelewa kwa leseni inayotumika kulijibu swali hilo mimi siihesabu kuwa urasimu.

SWALI: Tanzania tuna urani ya Mto Mkuju. Je, hii ina maana nasi lazima tujenge kinu? Na nani atatudhibiti?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Hapana, si lazima. Namibia na Niger zimechimba urani kwa miongo kadhaa bila kuwa na kinu hata kimoja cha umeme. Isitoshe, urani ikitoka mgodini haiwezi kutiwa kwenye kinu; kwa vinu vingi inahitaji kurutubishwa, yaani kuongezewa ile sehemu yake inayotoa nguvu, na kuundwa kuwa nishati ya kinu katika viwanda ambavyo nchi chache tu duniani zinavyo, na huko ndiko nchi yenye mgodi hujikuta ikinunua tena bidhaa yake kwa masharti ya mwingine. Kwa sasa Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, na mjadala wa umeme wake uko zaidi katika nyaya za kuufikisha vijijini.

Mdhibiti mnaye: ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye makao makuu Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Ukiisoma sheria hiyo utaona kwamba tume imepewa kazi ya kudhibiti mionzi na pia kazi ya kuhamasisha matumizi salama ya teknolojia ya nyuklia. Kwa mashine za hospitali na mionzi ya viwandani, ndoa hiyo haina madhara makubwa. Kwa kinu cha umeme ingekuwa ile ile tume ya Marekani ya mwaka 1946. Ila kinu kiko mbali, na mgodi uko karibu. Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani huko Namtumbo, na mwenye mradi ni kampuni iliyo chini ya shirika la serikali ya Urusi, Rosatom. Kwa wakaguzi wa Arusha, kazi ya sasa ni vumbi la mgodi huo, maji yanayotiririka kutoka humo, vidude vya kifuani vya kupimia mionzi vya vijana walioajiriwa, na malori yatakayobeba unga wa urani wenye rangi ya manjano kwa barabara ya Songea hadi bandarini.